Hodi ya Tatu

Mikono ya Mkalole ilijikunja saa kumi na dakika nane alasiri, siku ya Jumamosi, tumbo la Fidea Mapunda likiwa wazi.

Naanzia hapo makusudi, kwa sababu Mkurugenzi wangu, Nehemia Mkwizu, hupenda kuanzia kwingine. Yeye huanzia kwenye jedwali. Jedwali lenyewe ni langu mimi, Otilia Kinunda, mhandisi wa Mamlaka ya Mkongo. Nililitengeneza kwa mkono wangu, jina langu liko chini yake, na kwa mwaka mmoja na nusu nimetembea kifua mbele kwenye korido za Mamlaka kwa ajili yake. Tutafika huko. Kwanza tumbo la Fidea.

Mtoto alikuwa ameshatoka na analia. Daktari aliyekuwa akimpasua Fidea alikuwa Dodoma, amekaa kwenye kiti chake cha upasuaji na glavu za nyaya mikononi, na Mkalole iko kule chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kila alichokifanya kwa vidole vyake, mikono ya chuma iliyoning'inia juu ya kitanda cha zahanati ilikifanya. Alikuwa ameubana mshipa unaovuja, anajiandaa kuufunga kwa uzi. Ghafla mikono ikauachia mshipa, ikanyanyuka, ikajikunja kifuani pake kama mtu aliyekuja kutoa pole. Ndivyo ilivyotengenezwa. Mawasiliano yakikatika, ikae mbali na mgonjwa isije ikamkata.

Mkunga wa Mkalole, Hilaria Komba, alizamisha ngumi yake ndani ya Fidea akaukandamiza ule mshipa. Aliukandamiza dakika kumi na moja, mpaka mikono iliporudi kazini.

Ripoti iliyofika mezani kwangu Jumatatu iliandika "usumbufu mfupi". Ningeipita bila kuitazama mara mbili. Lakini Hilaria ni dada yangu, binti wa mama mkubwa, na alinipigia kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Si ndiwe unayekaa na hizo nyaya huko? Hebu niambie, mikono ilipatwa na nini?"

"Ilikatikaje? Ghafla?"

"Asubuhi yake ilimenya yai vizuri kabisa, Otilia. Hata ile ngozi nyembamba haikuchanika. Nikalila mwenyewe."

Hiyo ndiyo desturi ya zahanati zote za mikono. Saa mbili asubuhi, kabla mikono haijamgusa mtu, daktari anamenya yai la kuchemsha akiwa Dodoma. Yai likitoka zima, kazi inaanza. Likipasuka, mkunga anaandika na kupiga simu. Kwa vyovyote vile, yai linaliwa na mkunga.

"Fidea yuko hai," akaendelea. "Nimempa uji. Mimi ndiyo mkono wa kulia haukunjiki sawasawa. Lakini nilipokuwa nimeuzamisha mle ndani, naiangalia ile michuma imejikunja kama mabwana wakubwa, niliitukana. Matusi ambayo sikujua ninayajua! Padre kanipa rozari mbili."

Nikacheka, naye akacheka.

"Nitatazama, dada."

"Usitazame. Tengeneza."

*

Nilifungua kumbukumbu za mstari wa kusini na nikaona kila kitu ndani ya robo saa. Kwa asiyekaa na nyaya, nieleze kidogo.

Mkongo, ule waya mkuu wa mawasiliano ya nchi nzima, ni njia moja, na wapitaji ni wengi: picha, sauti, mikono ya madaktari, vipimo vya mvua, mitihani ya shule. Hakuna askari wa barabarani mle ndani. Kila mtumaji amebeba kanuni yake ya kumwambia lini aongeze mwendo na lini apunguze, na msongamano unaepukika pale tu kila mmoja anapojali kwamba kuna wenzake. Kanuni yetu ya zamani inaitwa Hodi. Walioiandika ni watu wa hapahapa, na waliiandika kama walivyolelewa. Inatuma pakiti chache za data, inasubiri kuitikiwa. Ikiitikiwa upesi, inaongeza. Jibu likichelewa, inaelewa kwamba mlangoni kuna watu, inapunguza nusu. Ikipiga mara tatu bila kuitikiwa, inaondoka, itarudi baadaye. Mtu aliyefunzwa adabu nyumbani kwao hapigi hodi ya nne.

Kanuni mpya inaitwa Kimbunga, na Kimbunga hakijui mlango wa mtu. Kinapima upana wa njia, kinaujaza wote. Pakiti zake zikipotea kwa sababu ya foleni, hakipunguzi. Kinazituma tena mara mbili. Kilikuwa kwenye majaribio mstari wa kusini kwa wiki ya pili, kikibeba viwanja vya nuru, ile michezo unayoitazama ukiwa umesimama katikati ya nyasi na mpira unapita sikioni. Jumamosi ile mechi ilianza saa kumi kamili. Hodi ya mikono ya Mkalole ilipunguza nusu, ikapunguza nusu ya nusu, ikapiga ya kwanza, ya pili, na saa kumi na dakika nane ikapiga ya tatu.

Nilishuka maabara na jedwali langu mkononi.

Maabara yetu ina utaratibu mmoja ambao niliuleta mimi, na vijana wote niliowafundisha wanaufuata: zamu. Unasafisha mstari, unaingiza kanuni moja, inakimbia peke yake saa nzima, unaandika. Unasafisha tena, unaingiza nyingine. Hakuna anayemsumbua mwenzake. Niliona hiyo ndiyo haki, kila mgeni apewe chumba chake na sahani yake, asiseme alinyimwa. Kwa utaratibu huo, Hodi ilitumia asilimia tisini na moja ya mstari, Kimbunga asilimia tisini na saba. Tofauti ni sita. Jedwali safi, saini ya O. Kinunda, na kwa sababu ya hiyo sita taifa zima lilikuwa linakwenda kubadilishiwa kanuni.

Safari hii niliziingiza zote mbili kwa pamoja.

Nilidhani kipimo kimeharibika. Nikabadilisha nyaya, nikarudia. Kimbunga asilimia tisini na nne. Hodi asilimia mbili. Nikairefusha njia ya Hodi ifanane na umbali wa Mkalole, kwa sababu nilipopima mwanzo watumaji wote walikuwa wamekaa chumba kimoja, na majibu ya jirani hurudi upesi kuliko ya mtu wa mbali. Hodi ikashuka chini ya moja. Nilikaa kwenye kiti nikiitazama ile namba, na niseme kweli, nililia. Nililia kwa hasira ya kujikasirikia, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka mmoja na nusu nilipima wageni wawili kila mmoja chumbani kwake, halafu nikatangaza nani anafaa kuishi nyumba moja na wengine.

Nilijaribu pia kuwapa wote Kimbunga, wa karibu na wa mbali, kwa sababu nilijua Mkurugenzi atauliza. Robo ya pakiti zilipotea. Wa karibu walikula, wa mbali walipata makombo, na makombo yenyewe yalikuja kwa mishtuko. Niliunganisha mikono ya mfano iliyoko maabara nikaipa yai. Haikujikunja. Ilirukaruka, ikalitoboa yai mpaka mezani. Mikono inayojikunja inatisha, lakini inayorukaruka na kisu ndani ya mtu, hiyo sitaki hata kuiwaza.

*

"Shikamoo, mama," alisema Mkwizu akiinuka kitini. Ana miaka arobaini na mmoja, mimi hamsini na mitatu. Adabu za mdomo anazo zote, na mimi sijawahi kumchukia, jambo linalonifanya niwe mkali zaidi.

"Marahaba. Kimbunga kisimamishwe kusini leo."

"Kaa kwanza, mama. Unywe hata maji."

Sikukaa. Nilimwekea karatasi mbili mezani, jedwali la zamani na jipya. Alizisoma taratibu. Ni mhandisi mzuri, alielewa kabla sijafungua mdomo, nikamwona anaelewa.

"Hakuna aliyekufa," akasema.

"Tunasubiri afe?"

"Nasema tu tusizungumze kama kuna msiba. Kulikuwa na usumbufu. Mkunga hodari akaumudu. Mimi mwenyewe nitampelekea barua ya pongezi."

"Ana mkono haukunjiki. Barua ataishika na nini?"

Akaguna. Akazunguka meza, akasimama dirishani. Alisema Baraza la Mkongo linakaa Jumamosi, na amelipanga Jumamosi ili wajumbe waione mechi kwa macho yao wakiwa humohumo ukumbini. Alisema wakuu wanasubiri, nchi jirani zinasubiri. Nikamwambia Kimbunga kinaweza kufundishwa kusikia wengine na kuwapisha. Nimekipigia hesabu, kitapoteza asilimia sita tu.

"Sita ndiyo tofauti yake na Hodi, mama. Ulipima mwenyewe. Nikiiondoa hiyo sita nitakuwa na nini cha kuwaonyesha?"

Alikuwa amesema ukweli wote bila kukusudia.

Kisha akanigeukia na uso wa upole. "Sikiliza. Mstari wa kusini una nafasi ya kutenga njia arobaini maalumu. Humo Kimbunga hakigusi. Nakupa zote arobaini kwa ajili ya zahanati za mikono. Chagua wewe, mimi siingilii. Jumamosi Mwenyekiti akikuuliza kama unalithibitisha jedwali lako, unathibitisha. Jumapili njia zako zinafunguliwa."

"Zahanati ziko mia mbili na kumi na mbili."

"Njia ziko arobaini."

"Na nisipothibitisha?"

"Mama, mhandisi anayepinga jedwali lake mwenyewe mbele ya Baraza atakuwa amejifukuza kazi. Na Kimbunga kitapita, maana kura ninazo, halafu zahanati zitapata sifuri. Arobaini ni nyingi kuliko sifuri." Akatabasamu kidogo, kwa huruma, sio kwa kejeli. "Hata Mkalole, nadhani, itajichagua yenyewe."

*

Sitajifanya malaika. Nilichukua orodha ya zahanati, nikaenda kwenye mgahawa wa chini saa saba mchana, nikaagiza ugali na dagaa, nikaanza kuchagua.

Niliandika Mkalole. Ya kwanza kabisa, kabla ya kuosha mikono.

Baada ya hapo nikajipa kanuni, maana sisi wahandisi hatuwezi kutenda dhambi bila kanuni. Idadi ya wanaojifungua kwa mwezi. Umbali hadi hospitali. Barabara inapitika masika au haipitiki. Nikaenda vizuri, ya tano, ya kumi, ya kumi na nane. Ugali ukapoa. Nilipofika ya ishirini na tatu nikakutana na zahanati mbili zilizo ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja, akina mama sawasawa, umbali sawasawa. Nikaanza kutafuta sababu ya kumpenda mmoja. Nikaona mkunga wa upande huu ana ripoti nadhifu zaidi. Nikamwandika.

Nikaiweka kalamu chini. Nikampigia Hilaria, nikamweleza yote, hata la kuandika Mkalole kwanza. Nilitaka anisifu, nakiri.

"Kwa hiyo sisi tumepona," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Zahanati ya Ndondi imo?"

Nikatazama. "Ndondi wana wajawazito wachache. Haimo."

"Fidea kwake ni Ndondi. Ameolewa huko. Hapa alikuja kujifungulia kwa mama yake, kwa sababu ndio mtoto wa kwanza. Wa pili atamzalia huko kwake." Nilimsikia akivuta pumzi. "Otilia, mimi nilimshika yule mtoto wa watu kwa ndani. Unanielewa? Kwa ndani. Halafu wewe unaniambia nikimtoa hapa nimpeleke kijiji kisichomo kwenye orodha?"

"Dada, nikikataa mnakosa wote. Kura anazo."

"Basi tukose wote, tupige kelele wote. Tukipona arobaini, hao arobaini watanyamaza. Mimi najijua, ningenyamaza. Ningesema namshukuru Mungu kwetu kuko salama."

Mpishi alipita akaniuliza kama dagaa ni wabaya.

"Jumamosi hiyo," Hilaria akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazi. "Nitawapigia wakunga wote wa kusini, hatufungui mtu tumbo wakati wa mpira. Wenye dalili tunawasogeza hospitali tangu Ijumaa, kwa machela, kwa mtumbwi, kwa chochote. Tutaweza Jumamosi mbili, tatu. Zaidi hatuwezi, mimba haifuati ratiba ya ligi. Lakini Jumamosi hiyo kitanda changu kitakuwa kitupu, na mikono ipo."

"Unataka nini?"

"Nitachemsha yai."

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa nyasi. Ndivyo viwanja vya nuru vilivyo: unaingia na viatu vyako vya heshima, unakuta umesimama kwenye kona ya uwanja, umati unanguruma, mchezaji anapita karibu yako unamsikia anavyohema. Wajumbe tisa wazima na suti zao waliinama mpira ulipowapitia kichwani, wakachekana. Mkwizu alisimama kando na mikono nyuma. Alistahili kufurahi, kazi ilikuwa nzuri. Hata mimi niliinama.

Kipindi cha kwanza kilipoisha, nyasi zikafifia, ukaonekana ukumbi na meza zake. Mwenyekiti, Bi. Ruzuna Shehe, jaji mstaafu, mwanamke mwembamba wa Pemba asiyependa maneno mengi, alivaa miwani yake.

"Mhandisi Kinunda. Jedwali hili lako. Wewe walithibitisha?"

Mkwizu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kunipa moyo.

"Namba zake ni za kweli, Mheshimiwa," nikasema. "Jedwali ni la uongo."

Nikaeleza kosa langu kwa maneno machache, kwamba nilizipima kanuni mbili kila moja peke yake, mstari mtupu, umbali mmoja, ilhali kwenye mkongo hakuna aliye peke yake. Mkwizu akasimama kusema kwamba hoja hii haikuwa kwenye ajenda, kwamba vipimo vipya havijahakikiwa na mtu mwingine. Na kwa hilo alikuwa sahihi.

"Havijahakikiwa," nikasema. "Naomba Mwenyekiti avihakiki mwenyewe, sasa hivi. Nimekuja na kiti cha upasuaji, daktari wa Mkalole ameniazima. Kule upande wa pili kuna mkunga, kitanda kitupu, na yai."

"Yai?" akauliza Mwenyekiti.

"La kuchemsha."

Wajumbe wakacheka. Bi. Ruzuna hakucheka. Alivua pete, akaja akakaa, nikamvalisha glavu. Ukutani picha ikafunguka: chumba cheupe, mikono ya chuma, na Hilaria kwenye sare yake ya kazi, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Shikamooni huko," alisema.

"Marahaba, mwanangu," akaitika Bi. Ruzuna kabla hajajua kwamba wamelingana umri. Akanyanyua vidole, na kule Mkalole vidole vya chuma vikanyanyuka. Akashtuka kidogo. Kisha akalishika yai, akaligonga kwenye sahani taratibu, akaanza kulimenya. Alikuwa na mkono mwepesi. Ganda likatoka kipande baada ya kipande, na wajumbe wakasogea kuangalia, wameshasahau kucheka.

Alipofika nusu ya yai, kipindi cha pili kikaanza.

Sikugusa kitu. Mechi ilirudi yenyewe, nyasi zikapanda hadi magotini petu, umati ukanguruma, na kwenye miji yote ya kusini maelfu ya watu waliingia viwanjani kwa dakika ileile. Picha ya Mkalole ikaanza kuja vipande vipande. Mkono wa chuma ukachelewa. Bi. Ruzuna akapunguza mwendo akaungoja, ukachelewa zaidi. Kwenye skrini yangu ndogo nilizihesabu: hodi ya kwanza, hodi ya pili.

Ya tatu.

Kipande cha mwisho cha picha kilichofika kilionyesha mikono imejikunja kifuani na yai lililomenywa nusu limelala kwenye sahani. Bi. Ruzuna alikuwa bado anamenya. Vidole vyake vilikwenda hewani, vinaondoa ganda lisilokuwepo, mchezaji wa nuru anampita mbele ya uso.

"Mie sijaacha," akasema. "Mbona yeye kaacha?"

"Amepiga hodi mara tatu, Mheshimiwa. Hakuna aliyemwitikia. Ameondoka."

"Na huyo mgonjwa?"

"Leo ni yai."

Alikaa vile, mikono juu, kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anasubiri irudi, kama daktari wa Fidea alivyosubiri. Mjumbe mmoja alisema goli limeingia.

"Zimeni mpira," akasema Bi. Ruzuna.

"Mheshimiwa, watazamaji wote wa kusini—" Mkwizu alianza.

"Nimesema zimeni."

Nyasi zikatoweka. Haikupita muda picha ikarudi, sauti ya Hilaria ikaingia, imeanzia katikati kama mtu aliyekuwa anaongea peke yake muda wote huo: "...na mkinisikia mniambie, hili yai nile au nisubiri? Maana nimehesabu dakika nne hapa. Nne tu. Kwa Fidea zilikuwa kumi na moja."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi. Ruzuna alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

Mkwizu hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Alisogea mbele, uso mtulivu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Mamlaka inalijua tatizo na imeshalishughulikia. Tumetenga njia arobaini maalumu kwa zahanati muhimu. Na aliyepewa kazi ya kuzichagua ni Mhandisi Kinunda mwenyewe. Aliipokea orodha Jumatatu. Nashangaa leo anasimama hapa kana kwamba hajui."

Macho ya wajumbe wote tisa yakanigeukia. Alikuwa amenipata, na alinipata kwa haki.

"Ni kweli hayo?" akauliza Bi. Ruzuna.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikaa nikachagua. Nilifika ya ishirini na tatu. Ya kwanza niliandika kijiji nilikozaliwa, ambacho ndicho hicho mnachokiona ukutani. Ya mwisho niliichagua kwa sababu mkunga wake ana mwandiko mzuri. Aliyekosa ni jirani yake wa ng'ambo ya mto. Hivyo ndivyo wangechaguliwa watu wa kufa, Mheshimiwa, na aliyekuwa anachagua ni mimi, si Kimbunga. Naona haya. Naomba iandikwe."

Karani aliandika.

"Na hiyo orodha unayo?"

"Ninayo."

"Ya hao waliochaguliwa?"

"Ya ninaowaombea njia."

"Basi isome, iingie kwenye kumbukumbu za Baraza."

Niliitoa kwenye pochi. Zilikuwa karatasi saba. Mkwizu aliona unene wake, akaelewa kabla ya wote, kama kawaida yake. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ukiisoma hiyo, Jumatatu usije ofisini."

"Sitakuja," nikamwambia. "Kitambulisho kiko mezani kwako tangu asubuhi."

Nikavaa miwani. Nilikuwa nimezipanga zahanati zote kwa alfabeti, Ijumaa mchana kutwa, na nilikuwa nimeziandika kwa mkono ili nisiipite hata moja bila kuitazama. Nikaanza na herufi A. Nilipofika ya arobaini, mjumbe wa kushoto akakohoa.

"Mheshimiwa, hizo sasa zimezidi," akasema Mkwizu.

Bi. Ruzuna hakumtazama. Alikuwa anapekecha vidole vyake, vile vile alivyokuwa akimenya. "Endelea," akaniambia.

Niliendelea. Ya sitini. Ya mia. Kule ukutani Hilaria alikuwa amesimama wima kando ya mikono iliyojikunja, yai halijaliwa. Wajumbe walikaa. Nilipofika herufi M nikamwomba karani maji, nikanywa, nikasoma Mkalole kwa sauti ileile niliyosomea nyingine zote, nikageuza karatasi kwenda Ndondi.